Naongoza jumuiya, mume wangu anasali na watoto nyumbani saa ileile

Barua

Tumsifu Yesu Kristo.

Mshauri, mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi pembezoni mwa jiji la Mwanza. Mume wangu ni fundi seremala, mimi nina kibanda cha nguo za watoto sokoni. Ndoa yetu ni ya kanisani, na kabla ya jambo hili sikuwahi kumpelekea mtu habari za nyumbani kwangu, kwa hiyo nisamehe nikirefusha.

Jumuiya yetu ndogo ndogo, yaani kikundi cha sala cha familia Katoliki za jirani, ina familia ishirini na kitu. Tunakusanyika kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Mume wangu alikuwa mtu wa jumuiya kuliko mimi. Mabenchi mawili tunayohamisha kutoka nyumba hadi nyumba aliyatengeneza yeye, na hakudai hata hela ya misumari.

Mwaka jana, Jumamosi ya mwisho kabla ya Majilio, sala ilipokwisha mhazini alifungua daftari akaanza kusoma madeni ya ahadi za ujenzi wa kanisa. Sisi tuliahidi shilingi 150,000 na tulikuwa tumetoa 40,000, maana kazi zilikuwa chache na mteja mmoja wa makabati alitukimbia bila kumalizia malipo. Tukasomwa: bado 110,000. Mhazini akaongeza kwa utani kwamba mafundi siku hizi wanajenga kwao tu. Watu wakacheka. Binti yetu wa miaka 15 alikuwa amekaa pembeni ya baba yake, kwenye benchi alilolipiga randa baba yake huyohuyo.

Mume wangu hakusema kitu. Tulipotawanyika alibeba benchi hadi nyumba iliyokuwa inafuata kwa zamu, kama kawaida yake. Hakurudi tena.

Januari tulifanya uchaguzi nikachaguliwa mwenyekiti. Nilitaka kukataa. Yeye ndiye aliyeniambia, "Pokea, watu wanakuamini." Nikadhani ni dalili kwamba atarudi. Kumbe sivyo. Ilipoingia Kwaresima akaanza jambo lake: Jumamosi asubuhi, nikishatoka, anawaamsha watoto, wanakaa mezani, binti anasoma Injili ya Dominika ya kesho yake, wanaizungumzia, wanasali, wanakunywa chai. Mdogo wetu wa miaka 9, ambaye jumuiyani alikuwa anasinzia begani kwangu, sasa anatoa nia zake mwenyewe. Majuzi ameombea mbuzi wa jirani. Na tangu mwezi uliopita familia mbili za jirani, ambazo ni za jumuiya yetu, zinakuja kwetu asubuhi hiyo badala ya kuja jumuiyani. Mimi natoka mlangoni na Biblia yangu kwapani, wao wanaingia na za kwao. Tunasalimiana, tunaonea aibu.

Katekista amenipigia simu kuniuliza kama ni kweli kwangu kuna kundi la pembeni. Kiongozi wa kanda amesema mbele za watu kwamba asiyeweza kuileta nyumba yake hawezi kuongoza nyumba za wenzake. Mama mkwe naye ameuliza, "Mkifiwa mtazikwa na nani? Na hiyo meza yenu?" Isitoshe, binti anajiandaa kwa Kipaimara na fomu inataka sahihi ya mwenyekiti wa jumuiya kwamba anahudhuria. Mwenyekiti ni mimi, na ninajua hahudhurii.

Si kwamba mume wangu amekuwa mtu mbaya. Hivi karibuni tulikwenda akina mama kumtazama bibi mmoja mjane wa jumuiya yetu anayeumwa miguu. Nikakuta mlango wake, uliokuwa unakwaruza sakafu mpaka aupige bega kuufungua, umefungwa bawaba mpya na unafunguka kwa kidole. Nikauliza nani kautengeneza. Bibi akanishangaa: "Si mwenzako?" Nyumbani hakuwa amesema lolote.

Nimemuuliza mara nyingi kwa nini ananipinga. Jibu lake ni lilelile: "Sijaacha kusali. Nimeacha kusomwa." Sasa zamu ya kwetu inakaribia. Amesema, "Waje, nyumba ni yao. Mimi nitakuwa karakana."

Nijiuzulu? Nimbane arudi? Au nimwombe aache hiyo sala ya Jumamosi, ambayo, Mungu anisamehe, natamani na mimi ningekuwepo?

*Mama wa wawili, Mwanza*

Jibu

Milele, Amina, dada yangu. Hujarefusha hata kidogo.

Nikikusoma vizuri, una mizigo mitatu iliyofungwa pamoja na ndiyo maana ni mizito. Kuna mume aliyeaibishwa mbele ya mtoto wake. Kuna sala ya nyumbani iliyoota bila wewe kuipanda. Na kuna cheo chako, ambacho watu wanakipima kwa nani amekaa na nani hakukaa kwenye benchi. Viongozi wako wanaongelea huo wa tatu tu. Mimi ningependa tuanze na wa kwanza.

Umeandika kwamba unamuuliza kwa nini "anakupinga". Nimerudia barua yako nikitafuta mahali anapokupinga, sijapaona. Alikuambia upokee uongozi. Anakubali nyumba iwapokee wanajumuiya. Ni kweli amechagua saa ileile ya jumuiya, na hilo linauma, nawe una haki ya kumwambia linakuuma. Lakini umewahi kumuuliza kwa nini saa ile? Huenda ni kwa ajili ya kushindana. Huenda pia ni kwa sababu fundi wa mbao Jumamosi saa mbili yuko karakana, jioni amechoka, na miaka yote mwili wake umezoea kuamka asubuhi hiyo kwenda kusali. Majibu haya mawili yanakupeleka njia tofauti kabisa, na bado hujui ni lipi.

Halafu kuna lile neno lake, "nimeacha kusomwa". Mtu anayesema hivyo amekueleza kidonda kiko wapi. Swali la kwa nini harudi amekwisha kulijibu. Swali ambalo pengine hajaulizwa ni hili: siku ile, watu walipocheka, alijisikiaje akiwa na binti yake pembeni? Usimuulize ukiwa mwenyekiti. Muulize ukiwa mkewe, siku ambayo huna daftari mkononi, na akikujibu usikimbilie kumtetea mhazini.

Nami nina neno juu ya desturi hiyo ya kusoma majina, kwa kuwa haiko kwenu peke yenu. Najua inatoka wapi. Kanisa halijengwi kwa maombi matupu, saruji inanunuliwa, na mhazini naye anabanwa na parokia. Lakini Bwana wetu, anapofundisha la kumfanyia ndugu aliyekukosea, anaanza kwa kusema mwendee, wewe na yeye mkiwa peke yenu (Mathayo 18). Huyo ni mtu aliyekosa. Kukimbiwa na mteja wa makabati si kosa. Basi kama mkosaji anastahili kuambiwa faraghani kwanza, mwenye kupungukiwa anastahili nini? Naye Mtume Paulo, akiwachangisha Wakorintho, alisema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala si kwa lazima.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena 1976, wakaamua kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe mhimili wa uchungaji katika nchi zetu, walitaka Wakristo wakae katika vikundi vidogo vya kutosha watu kufahamiana, kusali na kusaidiana kama majirani. Papa Yohane Paulo wa Pili aliporudia jambo hilo mwaka 1995, katika waraka wake baada ya Sinodi ya Afrika, alizitaja jumuiya hizi kama mahali pa kusali, kulisikiliza Neno, kupokea majukumu na kuyatazama matatizo ya maisha katika mwanga wa Injili, na juu ya yote kuishi upendo wa Kristo kwa kila mtu. Mnapokusanya michango hamkosei. Swali ni michango imekaa upande gani wa sala, na imechukua muda gani. Nimehudhuria jumuiya ambazo Injili ilichukua dakika kumi na matangazo saa nzima. Yule kijana Eutiko wa Matendo ya Mitume alianguka dirishani kwa usingizi Paulo akihubiri usiku. Kwetu angeanguka kwenye matangazo.

Kama mnatumia zile hatua saba za kushirikishana Neno zilizotoka Lumko, kituo cha kichungaji cha Kanisa huko Afrika Kusini, nakuomba uitazame hatua ya sita. Baada ya kumwalika Bwana, kusoma, kurudia maneno yaliyotugusa, kukaa kimya na kushirikishana, hatua ya sita inauliza: sasa tunatumwa kufanya nini, na nani atafanya, na lini? Huo ndio mlango wa huduma. Katika jumuiya nyingi hapo ndipo daftari la madeni linapofunguliwa, na ile kazi ya upendo inageuka kiasi cha fedha. Sasa nikuulize: mlango wa bibi yule ulikwaruza sakafu kwa muda gani? Ulitajwa jumuiyani? Mume wako, ambaye kwenye orodha ya mahudhurio ni mtoro, ameifanya hatua ya sita bila kikao. Simfanyi malaika. Nasema tu kwamba anayesema imani yake imepoa ana kazi ya kueleza zile bawaba.

Kwa upande mwingine, usije ukanisoma ukadhani nasema jumuiya iachwe, meza yenu inatosha. Hapana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliiita familia kanisa la nyumbani, na wengi tunalipenda neno hilo, lakini nyumba iliyojifungia huchoka upesi. Baba akisafiri, nani ataendeleza? Mkigombana Ijumaa usiku, nani atawaongoza Jumamosi? Swali la mama mkwe wako limeuma, lakini usilidharau. Mjini, ambako ukoo uko mbali, jumuiya ndiyo inayoleta maturubai, inayopika, inayokesha na wafiwa. Mama huyo amezika watu, anajua anachosema. Ila nadhani anakosea akifikiri watu waliokaa kwenye mabenchi ya mumeo na kuongozwa na wewe watashindwa kuja kwenu siku ya msiba kwa sababu ya orodha. Ikiwa kweli watashindwa, basi mna tatizo kubwa kuliko mahudhurio.

Kiongozi wa kanda naye amegusa maneno ya Paulo kwa Timotheo, kwamba asiyeisimamia nyumba yake atalitunzaje Kanisa. Paulo alikuwa anaeleza sifa za mtu wa kuwa askofu, na alitaja watoto wenye adabu na utii. Mtoto wa miaka 9 anayemwombea mbuzi wa jirani sidhani kama ndiye aliyemfikiria. Lakini usimjibu hadharani. Atakuona unajitetea, na mtaishia kubishana juu ya cheo.

Sasa njia unazoziona. Kujiuzulu kutakupa Jumamosi zako na meza unayoitamani, na ukiamua hivyo si dhambi. Uongozi ni huduma, na huduma ina muda wake. Uzito wake ni kwamba watu watasema mumeo amekuvuta, na yeye mwenyewe, aliyekuambia upokee, anaweza kujiona ndiye aliyekuangusha. Kumbana arudi kunaweza kumrudisha mwili. Utampata kwenye benchi, amekunja mikono, na binti atajifunza kwamba jumuiya ni mahali baba anapopelekwa. Kumwomba aache sala ya asubuhi ndiko kunakonitia hofu zaidi, kwa sababu watoto wataona kwamba kitu walichokipenda kimezimwa kwa ajili ya kitu kilichomuumiza baba yao.

Kuna njia ambazo hukuzitaja. Unaweza kumwambia ukweli ule ulioniambia mimi: kwamba unatamani kukaa naye mezani. Sina hakika kama anajua. Pengine yeye anaona mke aliyechagua daftari, wewe unaona mume aliyechagua meza, na wote wawili mnakosea. Akijua, huenda mwenyewe akapendekeza Jumamosi jioni au Dominika kabla ya Misa. Huenda pia asipendekeze. Lakini liwe pendekezo lake au lenu, si agizo la kanda alilopitishiwa kwa mkewe.

Unaweza pia kuligusa lile daftari. Hapa uende kwa hadhari, kwa kuwa ukisimama wewe kusema majina yasisomwe, watasema unamfichia mumeo deni. Mitume, yaliposikika manung'uniko kwamba wajane wa Kiyunani wanasahaulika katika huduma ya kila siku, hawakung'ang'ania meza wala Neno vyote kwa pamoja. Waliwaita wote, wakachaguliwa watu saba wa kuisimamia kazi ile. Huenda kamati yako ikakubali kwamba mhazini awaone watu nyumba kwa nyumba, au kila familia ipewe karatasi yake, na jumuiyani itajwe jumla tu. Mtafute mtu mwingine wa kulileta, mtu ambaye hadaiwi. Uliza na wengine: sidhani kama mumeo ndiye pekee aliyeumia, yeye ndiye aliyeondoka. Wengine wanakuja na hawasemi, na zile familia mbili zinazoingia kwako ungeziuliza taratibu zimekimbia nini. Fahamu lakini kwamba michango inaweza kushuka kwa muda, na lawama zitakuja kwako.

Hizo familia mbili zinahitaji uangalifu wa pekee. Baba akisali na watoto wake hakuna wa kumuuliza. Nyumba tatu zikikutana saa ya jumuiya, Katekista ana haki ya kuuliza, na afadhali aelezwe na ninyi kuliko kusikia sokoni. Mumeo angekubali kwenda naye kuongea na Katekista, au na Paroko? Si kwenda kushtakiwa, kwenda kueleza. Huenda Paroko akaona mbegu hapo: wapo wachungaji wanaohimiza familia chache za jirani zisome Neno pamoja siku nyingine ya wiki na bado zibaki katika jumuiya yao. Huenda akaona mgawanyiko na kusema isimame. Sijui atasema nini, na wewe hujui, kwa hiyo mumeo akubali kwenda kwa hiari yake, akijua mambo yote mawili yanawezekana.

Priska na Akila walikuwa mume na mke, mafundi wa mahema, na Paulo anawasalimu pamoja na kanisa lililo katika nyumba yao. Nawataja kwa sababu ya ile zamu yenu inayokaribia. Nyumba ya fundi na mkewe imewahi kuwa kanisa, na haikuonekana ajabu. Tafadhali usiifanye zamu hiyo kuwa mtego. Usimwambie Katekista aje mapema amkute. Usimpe mumeo somo la kusoma mbele za watu ili aone haya kukataa. Akienda karakana, mwache aende, na mtu akikuuliza yuko wapi, sema yuko kazini, ambao ni ukweli. Unachoweza kufanya kama mwenyekiti ni kuhakikisha siku hiyo, chini ya paa lake, daftari halifunguliwi. Si kwake tu. Ingekuwa vizuri liwe hivyo na kwa bibi mwenye mlango mpya.

Na mhazini? Sijamsahau. Utani ule huenda amekwisha kuusahau yeye. Mtu wa kumwambia si lazima uwe wewe, lakini mtu amwambie, na akiwa tayari kumfuata fundi karakana kwake, peke yao, hilo linaweza kufanya kazi ambayo barua yangu haiwezi. Asiende na risiti.

Kuhusu Kipaimara, usikae na fomu hiyo mpaka dakika ya mwisho, na usiandike usichokiamini. Nenda kwa Paroko sasa, mweleze binti analisoma Neno wapi, na nani, na kwa nini hayupo jumuiyani. Taratibu za parokia zinatofautiana na yeye ndiye anayejua nafasi aliyonayo. Na sahihi aiweke makamu wako. Wewe ni mama wa mtoto, na ingepaswa kuwa hivyo hata kama baba yake angekuwa anakaa benchi la mbele kila Jumamosi.